Konokono wa Dada Waliosomeka Mbuzi

Dada yangu mkubwa ana bustani ya mboga kando ya lambo, upande wa Zuzu, na kama hujawahi kuona mchicha wa dada mwezi wa tisa, hujui Dodoma inaweza kujivuna kiasi gani. Wakati huo nchi imekauka mpaka mijusi wanatembea kwa kuruka wasije wakaungua nyayo. Bustani ya dada inakuwa kijani hivi kwamba ndege wakipita juu yake wanapunguza mwendo. Ana mchicha, figiri, nyanya na vitunguu, na mwisho wa matuta ana mstari mmoja wa alizeti ambao hauna kazi nyingine zaidi ya kuwaudhi majirani. Shemeji alipofariki, watu walisema dada atarudi kwa wazazi. Hakurudi. Alichukua jembe akashuka lamboni, na tangu siku hiyo ukimuuliza anakaa wapi anakuonyesha bustani, nyumba anaitaja baadaye kama mtu anayekumbuka jina la ndugu wa mbali.

Kwa hiyo siku mwenyekiti wa mtaa aliposimama mkutanoni akasema huenda bustani zote za kando ya lambo zikaondolewa, dada alikaa chini. Naambiwa hakutafuta kiti. Alikaa pale pale alipokuwa amesimama, juu ya mguu wa mjumbe.

Sababu ilikuwa kichocho. Watoto wa shule ya msingi walipimwa, baadhi wakakutwa nacho, wakapewa vidonge, na ikabaki kujua wamekitoa wapi. Njia zote zilielekea lamboni, na ndani ya lambo njia zote zilielekea kwa konokono. Mdudu wa kichocho akiwa mchanga hupanga chumba ndani ya konokono wa majini. Akishakua anatoka, anaogelea, anapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini bila habari. Lakini si kila konokono anapangisha. Yupo wa aina fulani anayempokea mdudu, na wapo ndugu zake wanaoishi maisha ya heshima, hawajui kichocho wala mwenye kichocho.

Tatizo ni kwamba ndugu hawa wanafanana kupita kiasi. Wote wadogo kama punje ya hindi, wote rangi ya chai isiyo na maziwa, wote wamejiviringisha vilevile. Bwana afya mmoja aliwaangalia akasema ndio wenyewe. Mwenzake akawaangalia akasema sio. Wakaazimana miwani, wakaangalia tena, kila mmoja akabadili jibu. Mwenyekiti akaamua kamati ya mtaa isubiri jibu la kitaalamu. Konokono wa kwenye bustani wakiwa ndio wenye kosa, ukingo wote utazungushiwa uzio wa miiba na matuta yatang'olewa. Wakiwa sio, bustani zitabaki.

Jioni hiyo dada akanipigia simu.

"Wewe si unafanya kazi kwa wenye darubini?"

Nikamjibu ndiyo.

"Basi waambie konokono wangu hawana hatia."

Mimi ni mhudumu wa maabara katika chuo kimoja mjini Dodoma. Naosha vichupa, napanga vichupa, na vichupa vikivunjika nauliza nani kavunja kabla hawajaniuliza mimi. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya usiku, tayari nina ndevu na mke, chini ya taa moja iliyokuwa inaita mbu wote wa mkoa. Mpaka leo nikiona mlinganyo wa kemia mahali popote, najikuna. Lakini nilifaulu, cheti ninacho ukutani, na pale mtaani kwetu, ambao serikali inauita jiji na sisi bado tunauita kijiji, nilikuwa mtu wa sayansi. Dada peke yake ndiye aliyeniita msomi wa usiku, tena kwa sauti ya mtu anayemtaja popo.

Maabara yetu wakati huo ilikuwa na mtafiti, binti wa Kondoa mjini kutoka ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, aliyekuwa anasomea udaktari wa mambo haya haya ya konokono wa majini. Kila tulipomwita Daktari alisema bado hajawa daktari, amebakiza kidogo, nasi tulisema sawa Daktari. Huyu aliwapenda konokono jinsi wengine wanavyopenda mpira. Nilimweleza shida ya dada kabla hajatua mkoba mezani, naye akaona ni kama kaletewa zawadi, kwa sababu alikuwa anatafuta malambo ya kwenda kuchota. Alisema kwa macho hatutafika popote. Tuwasome kwa vinasaba.

Kazi ya kumweleza dada vinasaba nilipewa mimi, kwa simu, nikiwa nimesimama nje kwenye jua. Nilimwambia: dada, ukinunua sabuni dukani, nyuma ina vile vimistari vyeusi. Muuzaji akivimulika, mashine inasema hii ni sabuni ya kufulia ya gramu fulani, hata kama karatasi yake imechanika. Basi kila mnyama naye Mungu kamwekea vimistari ndani ya mwili. Tunakata kipande kidogo cha nyama yake, tunakiloweka kwenye dawa, mashine inazidisha kile kipande cha vinasaba mpaka kinasomeka, halafu tunakilinganisha na vya wanyama wengine waliokwisha kusomwa duniani. Mashine haiangalii gamba wala sura.

Dada alifikiri kidogo. "Na mimi nina hivyo vimistari?"

Nikasema anavyo.

"Vinasema bei gani?"

Tulikwenda siku ya Jumamosi, watu watatu: Daktari, mimi, na dereva wa chuo. Dereva huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, mjane mnene mwenye sauti ya kuimbia kwaya, na anaimba akiendesha, anaimba akiegesha, anaimba akibadilisha tairi. Sisi ni Wagogo. Anayejua habari za Wagogo na Wanyamwezi anajua kwamba utani wetu umeanza tangu enzi za misafara, na mtani hana mpaka. Anaweza kukutukana msibani, anaweza kuteka kitu chako ukakomboa, na wewe ukinuna, wewe ndiye uliyekosa.

Alishuka garini, akanyoosha mgongo, akatazama mji wa dada kama mtu aliyekuja kuukagua kabla ya kuuhamia.

"Mbukwa," akasalimia kwa Kigogo chetu. "Nimefuata ng'ombe zangu."

Dada hakuinua hata kichwa kwenye sufuria. "Babu zako walipita hapa wamebeba meno ya tembo ya watu vichwani, mpaka Bagamoyo. Ng'ombe mngewaweka wapi?"

Tukaanza vizuri hivyo.

Dada alikuwa amechinjisha mbuzi kwa heshima ya Daktari. Alimwita jirani Mwislamu aje achinje ili mgeni asiwe na shaka, na Daktari alimwamkia shikamoo mama kwa adabu mpaka dada akamsamehe kuwa msomi. Nyama ikawa jikoni. Dereva naye akazungukia jikoni na kuuteka mwiko, mwiko wa mninga, aliourithi dada kwa mama yetu. Akauinua juu, akatangaza kwamba mwiko huu sasa ni wa Unyamwezi, na utakombolewa kwa mguu mmoja wa nyuma. Dada alitoa mguu. Alitabasamu alipokuwa anautoa. Mimi namjua dada tangu nanyonya, na lile tabasamu lingenifanya nihame mkoa.

Tukaacha nyama ichemke tukashuka lamboni. Daktari alivaa mabuti ya mpira yaliyofika magotini na glavu za mpira zilizofika kwenye viwiko. Akanivalisha na mimi. Dada alikuwa peku, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, akitufukuzia konokono kama anafukuza kuku. Daktari akamwomba atoke majini mpaka tujue kilichomo, na siku nyingine avae mabuti. Dada akajitazama miguu, akatazama mabuti yetu, akasema mchicha ukimwona amevaa vile utadhani ni mtu wa kodi.

Tulichota kwa chujio lililofungwa kwenye mti mrefu, pale mbele ya matuta. Konokono walikuwa wengi kuliko wapiga kura. Daktari aliwashika mmojammoja, akawageuza kwenye jua, akawaambia maneno mazuri. Kisha akaomba vichupa. Vichupa vilikuwa tayari vimetiwa spiriti ya kuhifadhia, tone la kutosha kila kimoja, vimepangwa ndani ya boksi lililokaa kiti cha mbele cha gari, pembeni ya dereva. Dada akasema tusihangaike kupanda kilima, atalileta yeye. Alikwenda. Alikawia kidogo, nikadhani anageuza nyama. Akarudi na boksi amelibeba kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa, kama kikapu cha mayai, na akiwa anatukabidhi akageuka kumtazama dereva, aliyekuwa amelala kule juu chini ya gari akiimba, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Sikuelewa. Nikaingiza konokono mmoja katika kila kichupa, nikafunga.

Chakula kikaja. Nyama, ugali wa uwele, na mlenda. Ni mlenda wa dada ule ambao ukiinua tonge linakuja na kamba yake, na kamba hiyo unaweza kuifuata hadi nyumba ya pili. Daktari, ambaye saa nzima alikuwa amelalisha konokono kiganjani akiwasifia, aliitazama ile kamba ikipanda kutoka bakulini hadi kinywani mwangu, akaweka mkono tumboni, akasema ameshiba.

"Unashika konokono, unaogopa mlenda?" dada akamuuliza.

"Konokono siwali, mama."

Dada akaona hilo ni jibu la mtu mwenye akili, akamwongezea nyama.

Mjini tulifanya kazi yetu. Konokono ana ute, na ute huo unaigomea mashine kuliko kitu chochote. Daktari aliuosha, akauosha tena, mimi nikashikilia vichupa kama nashikilia watoto wa mfalme. Mashine ikazidisha, tukafungasha, tukatuma kwenye maabara kubwa ya mji mwingine yenye mtambo wa kusomea. Tukasubiri. Dada alipiga simu kila jua lilipochomoza na kila lilipozama, na siku za mawingu alipiga ili kuuliza kama lilikuwa limezama. Mkutano wa kamati ulikuwa unakaribia. Vijana walikuwa wameshakata miiba, wameirundika kando ya bustani, na dada alisema anapomwagilia figiri ile miiba inamtazama.

Majibu yalikuja kwa barua pepe asubuhi moja nikiwa nafagia. Daktari alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma. Akaninyooshea kompyuta nisome na mimi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Mbuzi.

Kichupa cha kwanza mbuzi. Cha pili mbuzi. Tulishuka hadi chini kabisa, mbuzi kwa mbuzi, kundi zima la mbuzi waliojiviringisha ndani ya magamba. Huku na huku palikuwa na kichupa kilichogoma kusomeka, nasi tukakishukuru kwa ukimya wake.

Daktari alifunga mlango. Kwa upole uliozidi hasira, akaniuliza: "Kaka, asubuhi umekula nini?"

Nyuma ya chuo kuna kibanda cha supu ya mbuzi ambacho bila mimi kingefungwa. Nikamweleza ukweli. Akaninusa mikono. Akasema pengine ndiyo sababu, chembe ya supu imeingia kazini, na akanipiga marufuku kula mbuzi mpaka tupate jibu. Wasomaji, nilikunywa chai kavu na maandazi. Nilikonda hivi kwamba pete ya ndoa ilianza kunikaa kama bangili. Mwenye kibanda alikuja getini kuuliza kama nimefiwa. Tuliosha meza kwa dawa, tukaosha kuta, nikaosha hata kitasa cha mlango wa jirani, tukachukua vipande vipya kutoka kwenye vichupa vile vile, tukatuma tena.

Mbuzi.

Nikalazimika kumpigia dada, maana kamati ilikuwa inataka jibu.

"Dada," nikasema, "majibu yametoka. Konokono wako ni mbuzi."

Nilimsikia kuku wa jirani yake akitaga.

"Mbuzi wa rangi gani?"

"Vimistari hivi havisemi rangi."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Na yule Mnyamwezi hajambo?"

Nikasema hajambo, anaimba.

"Mdomo wake haujambo? Hajalalamika kitu?"

Sasa, mimi ni mtu wa sayansi. Mwanamke mjane anapoulizia mdomo wa mwanamume mjane, kwa sauti ya chini, katikati ya matatizo yake, hitimisho ni moja. Nilimwambia mke wangu, mke wangu akamwambia mama yake, na mimi kwa nia njema nikampa dereva dokezo kwamba upande wa Zuzu kuna mtu anamuulizia afya. Dereva aliacha kuimba kwa muda wote wa mchana, kitu kilichotutia hofu.

Daktari alikwenda kwa mwenyekiti mwenyewe kuomba muda. Mwenyekiti akasema yeye hana ugomvi na sayansi, lakini ameshawaahidi wazazi kwamba kikao kijacho miiba itasimama, na hawezi kuwaambia tatizo la lambo ni mbuzi, kwa kuwa nusu yao wana mbuzi. Akakubali turudi kuchota mara moja zaidi. Tusipoleta jibu linaloeleweka kabla ya kikao, bustani zitang'olewa, kwanza usalama wa watoto. Nilipomwambia dada hayo hakunitania hata kidogo. Alisema tu tuje mapema.

Tulikwenda. Dereva alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono yake inakata hewa. Dada alikuwa amesimama kando ya rundo la miiba, kanga amejifunga kiunoni kwa kukaza, mboga zake nyuma yake zimenyooka kama watoto wa shule siku ya ukaguzi. Dereva akashuka polepole. Akatabasamu. Dada akamtazama mdomoni kwa makini, akasogea, akamtazama tena, na mimi nikageuza uso kwa heshima.

"Wewe mtu," dada akasema, "zile pombe zako hujanywa tu mpaka leo?"

Tabasamu la dereva likabaki bila kazi. "Pombe zipi, mtani?"

"Zile za vichupa. Kwenye boksi, kiti cha mbele."

Daktari, aliyekuwa anavaa buti la pili, akabaki na mguu mmoja hewani.

Ndipo dada akaeleza, akimwelekea dereva, maana aliamini hayo ni mambo ya watani wawili tu na sisi tunasikiliza kwa bahati. Siku ile alipofuata boksi alisikia harufu. Akafungua kichupa kimoja, akanusa, ikampanda mpaka utosini. Pombe kali, safi, imepimwa kidogo kidogo kama dawa ya mtoto, na mwenyewe kalala chini ya gari anaimba saa za mchana. Akasema moyoni, kumbe ndiyo maana. Na mwiko wa mama ulikuwa bado unamuuma. Nyongo ya mbuzi ilikuwa pale pale jikoni, imetolewa mbichi wakati huo huo. Akaitoboa kwa mwiba.

"Nikatia tone moja moja," akasema. "Nikasema akinywa njiani atanikumbuka. Boksi nikalipeleka lamboni nikijua ni lako, wameazima vichupa vyako wahifadhie konokono. Nikasema basi, atavikuta hivyo hivyo, anywe na konokono wake."

Daktari aliketi juu ya tuta la vitunguu. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kwa sababu huo ulikuwa udaktari wake pia, mpaka akainua uso nikaona anacheka bila sauti, machozi yanashuka, anajaribu kusema neno moja na haliji. Lilipokuja alisema: "Mama, ile ilikuwa dawa ya kuhifadhia konokono. Vichupa vyote ni vya maabara."

Akamweleza kwamba nyongo ina chembe za mbuzi mwenyewe, na chembe hizo hazina ute. Mashine ilipopewa konokono mwenye ute na mbuzi asiye na ute, ikachagua kazi rahisi, kama mtu yeyote.

Dada alifahamu polepole. Aligeuka akatazama mchicha, akatazama miiba. Nikaona mikono yake ikishika pindo la kanga.

"Kwa hiyo mbuzi nimemtia mimi," akasema. "Nimeichongea bustani yangu mwenyewe."

Hapo hata mimi sikuwa na utani. Aliyekuwa nao ni dereva. Alijikung'uta shati lake la pasi, akakohoa kama hakimu.

"Mtani," akasema, "umetia nyongo kwenye pombe ambayo sikuwa nayo. Umenifanya mlevi mbele ya serikali ya mtaa. Faini yake haijawahi kutozwa hapa Ugogo. Lakini kwanza tuchote hawa mbuzi wako, nitakutoza ukiwa na bustani."

Dada akacheka kwa pua, kanga ikaachiwa, nami nikapumua.

Safari hii dada aliwekwa kwenye kiti mbali na maji, mikono juu ya magoti mahali inapoonekana, na dereva akasimama kumlinda na fimbo ya kuchungia. Kila alipojikuna, dereva alimwomba atangaze kwanza anajikuna wapi. Vichupa nilivibeba mimi kifuani, ndani ya shati, kama hirizi. Daktari akachota mbele ya matuta, kisha akasema tuzunguke pia ng'ambo, pale ng'ombe wanaponywea na watoto wanapoogelea, maana alitaka kulinganisha. Tulirudi mjini dereva akiimba tena, na mimi bado sijaonja mbuzi.

Majibu yalikuja asubuhi ya siku ya kikao. Daktari alisoma njiani, garini, kwa simu, mtandao ukikatika kila tulipoingia bondeni. Tulipofika watu walikuwa wamekaa na vijana wameshaushika mzigo wa kwanza wa miiba. Daktari alisimama mbele yao akiwa bado na vumbi usoni, akawaambia kwamba konokono waliosomwa safari hii ni konokono.

Kijiji kikapiga makofi, na mimi nadhani ni mara ya kwanza duniani taarifa hiyo kupigiwa makofi.

Wale wa kwenye bustani, akaendelea, ni ndugu wasio na hatia. Wale wa ng'ambo, kwenye manyasi ya kunyweshea ng'ombe, wamo wenyeji wa kichocho, tena si wachache. Kwa hiyo wanaotafutwa walikuwa wanakaa pale pale watoto wanapopiga mbizi. Miiba ikabebwa, ikazunguka lambo zima mabegani mwa vijana, ikasimikwa ng'ambo. Bwana afya akaahidi kuja na dawa ya kuwaua wale wa kule. Bustani zikabaki. Lakini Daktari akasema maji ni yale yale na konokono huhama, hivyo kamati ikapitisha sharti: hakuna mtu kuingia bustani za ukingoni bila mabuti, yote mawili, na atakayekutwa peku atapoteza matuta yake. Dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Mkono mwingine alikuwa amefunika macho.

Mabuti aliletewa na dereva. Ya mpira, meusi, makubwa kuliko miguu ya dada kwa namna ambayo angeweza kugeuka ndani yake mabuti yakabaki yanatazama mbele. Dada alisema ni ya kuzimia moto. Akayavaa siku hiyo, akayavaa kesho yake, na Jumapili akaenda nayo kanisani, akapita katikati, ploko ploko ploko, mpaka benchi la mbele. Majirani walioudhiwa na alizeti wakahamishia maudhi yao kwenye mabuti. Watoto nao wakaanza kuwaita konokono wote mbuzi wa shangazi, na mpaka leo ukipita lamboni mtoto atakuonya usimkanyage mbuzi.

Faini ndiyo ilichelewa. Tulidhani dereva amesahau. Halafu asubuhi moja dada akanipigia, anahema. Alikuwa amesimama nje ya bustani yake na buti moja. La kushoto lilikuwa Tabora, au njiani kwenda Tabora, au chini ya kiti cha gari la chuo, inategemea unamwuliza nani. Jua linapanda, nyanya zinaomba maji, mjumbe wa kamati, yule yule aliyekaliwa mguu, ameegemea mti anamwangalia kwa raha zake zote aone kama atakanyaga ndani.

"Mwambie huyo Mnyamwezi arudishe buti langu."

Nilimfikishia dereva. Akajibu bila kuacha kufuta kioo cha gari: "Akomboe."

Nikarudi kwenye simu. Dada hakubishana. Alisema nitafute mbuzi.

Basi tukaenda tena, sote watatu, na buti likiwa limevalishwa utepe mwekundu kiti cha mbele. Jirani alichinja. Mwiko ulifungiwa ndani. Dada alivaa buti lake mbele ya mjumbe, taratibu, kama malkia anavaa taji la mguuni, akaingia kwenye mchicha akamwagilia mpaka mjumbe akachoka kuangalia akaondoka. Daktari, kwa utani, alikuja na mlenda aliopika mwenyewe, akala tonge moja macho yamefumbwa, tukampigia makofi. Mimi nilikaa mkabala na sufuria ya supu, baada ya majuma ya maandazi, nikiwa na furaha ambayo cheti changu hakijawahi kunipa.

Kabla ya supu ikaletwa chai. Dada mwenyewe ndiye aliyemmiminia dereva, kwa heshima, kwa mikono miwili, akampa na lile tabasamu. Dereva alikitazama kikombe. Akakinusa. Akakizungusha kwenye mwanga kama Daktari anavyozungusha konokono. Kisha akanisogezea.

"Wewe ndiye mwenye cheti," akasema. "Soma kwanza."

Nikasoma kwa ulimi, uchungu ukanipanda mpaka utosini. Alikuwa mbuzi.